Daktari wa Ndirica

Mwezi wa Julai Nyeri hauna huruma. Sisi wa huku msimu huo tunauita gathano: ukungu unashuka kutoka Nyandarua, jua linapotea hata wiki nzima, na Mlima Kenya tunaamini tu kwamba bado uko mahali pake. Skuta ninakokaa, kila nyumba ina jiko la makaa na nyufa za madirisha zimezibwa kwa magazeti. Basi fikiria, Julai ya 2020, korona imepamba moto, daktari mgeni anaingia wodini saa moja asubuhi na sweta mbili chini ya koti jeupe, na kabla hajamsalimia mgonjwa hata mmoja anaanza kufungua madirisha, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa wodi.

Wagonjwa walilalamika. Mzee wa kitanda cha tatu alimwambia kwa Kikuyu kwamba akitaka kumuua atafute njia ya haraka zaidi. Daktari hakuelewa, kwa kuwa alikuwa mtu wa Mombasa. Nikamtafsiria nikipunguza makali. Akacheka, akamwongezea mzee blanketi la pili, akasema, "Baba, baridi naijua dawa yake, ni hili blanketi. Hewa iliyokaa humu tangu jana sina dawa yake."

Kesho yake alikuta madirisha yamefungwa. Kesho kutwa vilevile. Siku ya nne alikuja na fundi wa mbao. Fundi akapigilia kabari kwenye kila fremu, dirisha likawa haliwezi kufunga kabisa, linabaki wazi upana wa kiganja. Tangu siku hiyo jina lake la cheti halikutumika tena. Wafagiaji walimwita Daktari wa Ndirica, yaani daktari wa dirisha, na mwishowe hata daktari mkuu akawa anamwita hivyo.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na moja. Nilisomea hapa hapa Nyeri, chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, nikastaafu mwaka 2022. Hospitali yenyewe siitaji, maana mengine nitakayosema hayatusifu. Nataka kueleza kazi ya yule mama daktari, kwa sababu nikiulizwa na majirani hapa Skuta madaktari walifanya nini wakati wa korona, naona kila mtu anawaza mashine ya kupumulia na daktari aliyevaa kama mwanaanga. Yeye mashine ile sikumwona akiigusa hata mara moja.

Daktari bingwa wa magonjwa ya kuambukiza ni daktari kwanza kama wengine: miaka sita chuo kikuu, mwaka mmoja wa kufanya kazi chini ya uangalizi, kisha shahada ya uzamili, mara nyingi ya magonjwa ya ndani au ya watoto. Juu ya hapo ndipo anaposomea vijidudu: vinaingiaje mwilini, vinatokaje kwa mtu huyu kwenda kwa yule, dawa ipi inaviua na ipi vimeshaizoea. Kenya wako wachache mno. Wengi wa waliopo waliivishwa na Ukimwi na kifua kikuu. Wengi wetu tulimjua mmoja wao kupitia televisheni, Dkt. Loice Ombajo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyekuwa akiongoza kitengo cha magonjwa ya kuambukiza katika Hospitali ya Kenyatta. Hospitali kama yetu haikuwa na bingwa wake. Huyu wa Mombasa tulimgawana na hospitali nyingine mbili. Baada ya siku zile za kwanza alikuja mara moja au mbili kwa wiki, siku nyingine tulimpata kwa simu, na simu yake ilipokelewa hata saa nane za usiku.

Daktari wa kawaida anasimama mbele ya kitanda akauliza, huyu anaumwa nini? Yeye alisimama mlangoni akauliza, huyu ameingilia wapi, amekaa karibu na nani, na hewa aliyopumua imekwenda wapi? Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa jengo.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na waziri wa Afya aliyesimama mbele ya kamera alikuwa mtu wetu, Mutahi Kagwe, aliyewahi kuwa seneta wa Nyeri. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Machi, kafyu ikaanza. Matatu za viti kumi na vinne zikaambiwa zibebe watu wanane, na nauli ya kutoka Skuta hadi mjini ikapanda. Miezi ile ya mwanzo tuliendeshwa na woga zaidi ya akili. Mwongozo ulituambia tumshuku aliyesafiri kutoka nje ya nchi au aliyekutana na mgonjwa anayejulikana. Kwa hiyo tukaweka meza getini, tukauliza kila mtu, umetoka ng'ambo? Mkulima wa kahawa aliyetoka Tetu na kikohozi chake alijibu hapana, akapita, akakaa benchi moja na akina mama wajawazito.

Yeye alipofika, meza ile aliiondoa. Akataka hema nje ya jengo, watu wapimwe wakiwa bado kwenye hewa ya wazi, na njia ya mwenye kikohozi isikutane kamwe na njia ya mwenye mguu uliovunjika. Kisha akaja kwenye jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Sampuli zetu wakati huo zilikuwa zinapelekwa Nairobi, na majibu yalichukua siku kadhaa kurudi. Waliokuwa wakisubiri majibu tulikuwa tumewalaza pamoja chumba kimoja.

"Sista," akaniambia, "kati ya hawa sita, labda mmoja anayo. Mkiwalaza pamoja siku tatu, majibu yakija yatawakuta wote wanayo. Mtakuwa mmewaambukiza nyinyi wenyewe, na karatasi ya maabara itasema hawana."

Nilikaa kimya. Nilikuwa na zaidi ya robo karne kazini na sikuwahi kuliona hivyo. Tukagawa ile wodi kwa mbao nyembamba, vyumba vidogo, kila kimoja na dirisha lake. Ndipo lile suala la madirisha likarudi na kabari zake.

Hapa inabidi nieleze habari ya hewa, maana ilileta ubishi mkubwa. Mwanzoni Shirika la Afya Duniani lilisisitiza matone: mtu akikohoa, matone yanaruka kidogo kisha yanaanguka, kwa hiyo kaa mbali na unawe mikono. Julai ileile ya 2020 wanasayansi 239 walitoa barua ya wazi wakisema virusi hivi vinaweza pia kuelea hewani kama moshi wa sigara. Yeye hakungojea barua. Kifua kikuu husafiri hewani, jambo hilo linajulikana miaka na mikaka, na yeye alikuwa ameshazika wagonjwa wengi wa kifua kikuu kiasi cha kutoiamini hewa ya chumba kilichofungwa. Alitusimulia utafiti uliofanywa Lima, Peru, ukachapishwa mwaka 2007. Walipima vyumba 70 katika hospitali nane. Wakifungua madirisha na milango, hewa ya chumba ilibadilika kama mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vyenye mitambo ya gharama ya kuvuta hewa vilikadiriwa kupata mara 12. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba vyumba vya zamani, vyenye dari za juu na madirisha makubwa, vilivishinda vyote, mara 40. Wodi yetu ilijengwa na wakoloni, dari yake ukiitazama shingo inauma. Kumbe tulikuwa na mtambo bora kuliko wa Nairobi, tukauziba kwa ajili ya baridi.

Watu wa huku hawakuhitaji korona kujua kwamba ugonjwa unaweza kukipa kizazi jina. Babu zetu walipotahiriwa, kila riika lilipewa jina la jambo kubwa la mwaka ule, na kuna riika liliitwa Mutung'u, ndui. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni jina la shujaa fulani. Na huko Nairobi, hospitali ya Mbagathi, iliyokuwa miongoni mwa za kwanza kupokea wagonjwa wa korona, ilijengwa miaka ya 1950 mahususi kwa magonjwa ya kuambukiza, ikawekwa pembeni ya mji. Wazee waliiita IDH, kifupi cha jina lake la Kiingereza, na kumpeleka mtu IDH ilikuwa kama kumuaga.

Turudi wodini. Magazeti wakati ule yalihesabu mashine za kupumulia na vitanda vya wagonjwa mahututi. Yeye alihesabu mitungi ya oksijeni. Alichukua peni akaandika ukutani, kabisa ukutani, karibu na swichi: mtungi mkubwa una lita kama 6,800, mgonjwa mahututi anavuta lita 15 kwa dakika, mtungi unaisha kwa saa saba na nusu. Chini yake akaandika, "Nani anaubadilisha saa tisa usiku?" Hakuna aliyekuwa amepangiwa. Ile hesabu haikufutwa mpaka walipopaka rangi upya.

Na alikaa sana na wafagiaji. Nadhani alikaa nao kuliko alivyokaa na madaktari wenzake, jambo ambalo baadhi yao hawakulipenda. Mkubwa wa wafagiaji alikuwa mama mtu mzima, na kila asubuhi aliyokuja daktari alimwamkia, "Shikamoo, mama." Mama hakujua aitikie nini, Nyeri hatuna mazoea hayo. Alikuwa akijibu, "Shikamoo na wewe," wodi nzima inacheka. Lakini baada ya shikamoo hiyo waliinama pamoja juu ya ndoo. Jik ya dukani, ile dawa ya kung'arisha nguo, sehemu moja, maji sehemu sita, hapo unapata klorini ya asilimia 0.5, ndiyo inayoua. Ukizidisha maji ukidhani unaokoa pesa, unapaka sakafu harufu tu. Ukizidisha Jik, mapafu ya mfagiaji ndiyo yanayolipa. Umwagie, uache dakika kumi, ndipo upige deki. Yule mama alikuwa amefanya kazi ile miaka kumi na tisa na hakuna aliyekuwa amemweleza habari ya dakika kumi. Alikuwa akimwaga na kufuta papo hapo, kama mtu anayefuta uji uliomwagika.

Miezi hiyo ilikuwa miezi ya kunyunyiza dawa. Masoko yalinyunyizwa, stendi za matatu, na mahali pengine watu walipitishwa kwenye vibanda wakanyunyiziwa wao wenyewe kama ng'ombe kwenye josho. Kikatolewa pendekezo tuweke kibanda kama hicho getini. Akakataa. Alisema virusi viko kooni mwa mtu, havipo kwenye koti lake, na klorini ukiipuliza machoni haimponyi mtu bali inampa ugonjwa wa pili. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaonya hivyo mwezi wa Mei. Lakini kibanda kinaonekana, kinaweza kupigwa picha, na kiongozi anaweza kukizindua. Dirisha halizinduliwi. Ilibidi abishane wiki mbili.

Kukataa kulikuwa nusu ya kazi yake. Jamaa za wagonjwa walikuja na majina ya dawa yaliyotoka kwenye WhatsApp. Madaktari wetu nao, kwa hofu, walikuwa wakimpa kila aliyekohoa antibayotiki mbili, wakati mwingine tatu. Yeye alipitia mafaili, kitanda kwa kitanda, akiuliza, hii ni ya nini? Antibayotiki inaua bakteria, na korona ni virusi. Ukimwaga antibayotiki kwa watu mia wasioihitaji, unachobaki nacho ni bakteria walioizoea, na mwezi ujao mama aliyejifungua kwa upasuaji atapata usaha ambao hakuna dawa ya kuukausha. Daktari mmoja kijana alimwambia, "Lakini haidhuru kumpa tu." Akamjibu, "Yadhuru. Ila haitamdhuru huyu, itamdhuru utakayempokea Disemba, nawe utakuwa umesahau."

Alikubali dawa moja upesi. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ya chini, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa walio kwenye mashine, na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni tu. Kwa asiyehitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo haikufika Skuta. Jirani yangu, mwenye kisukari, alisikia redioni kwamba dawa imepatikana, akanunua vidonge dukani akameza kama kinga. Sukari ikapanda hadi akaanza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Tulimwahi. Daktari aliponiuliza kwa nini ninalia wakati mgonjwa amepona nilimwambia ni jirani, naye hakuuliza tena.

Sasa nije kwenye lile ambalo halitusifu.

Mwezi wa Novemba 2020, ndani ya wiki mbili, watu saba wa zamu yetu walikutwa na korona, mimi nikiwa mmojawapo. Minong'ono ikaanza. Wengine walilaumu barakoa kwamba ni feki, wengine wakamlaumu muuguzi kijana kwamba alivua glavu vibaya. Ni kweli kuvua mavazi ya kinga ni hatari kuliko kuyavaa. Glavu kwanza, barakoa mwisho, na mikono kuoshwa katikati, na mtu aliyechoka baada ya saa kumi na mbili anaweza kupitiwa. Yule kijana alikuwa ameanza kujiamini kuwa yeye ndiye mkosaji.

Daktari wa Ndirica alitupigia mmoja mmoja, tukiwa tumejitenga majumbani. Nilidhani ataniuliza nilimhudumia mgonjwa yupi. Aliniuliza nilikula na nani. Nilikaa kiti kipi? Nani alikuwa kushoto? Tuliongea kwa muda gani, na kitu gani kilichekesha? Baadaye nilikuja kuiona ile karatasi: alichora mstatili nyuma ya chati ya joto, akaweka viti, meza, na majina yetu. Kati ya sisi saba, ni wawili tu waliokuwa wameingia kwenye chumba cha wagonjwa waliothibitishwa. Mmoja wetu alikuwa karani wa mafaili, hakuwa amemgusa mgonjwa tangu Aprili. Kilichotukutanisha sote kilikuwa chumba cha chai, saa nne asubuhi, siku ya Jumanne.

Kwa mgonjwa tulivaa kila kitu. Kwenye chai tulivua kila kitu. Tulibanana watu tisa kwenye chumba cha kuwatosha wanne, mandazi katikati, tukaongea kwa sauti na kucheka, na dirisha limefungwa. Chumba hicho hakikupigiwa kabari kwa sababu hakikuwa wodi. Aliyelifunga dirisha ni mimi. Mvua ya vuli ilikuwa inanyesha na mgongo wangu ulikuwa upande huo.

Nilipomwambia kwa simu, alinyamaza kidogo. "Sista, mimi ndiye niliyesahau chumba cha chai," akasema. "Nilipita mlangoni pake kila wiki." Akampigia na yule muuguzi kijana kumwambia kwamba glavu zake hazikuhusika. Niliporudi kazini nilikuta benchi refu kwenye baraza, chini ya mabati, na zamu za chai za watu watatu watatu. Chai ilikuwa inapoa kabla hujamaliza nusu kikombe. Hatukuambukizana tena kwenye chai.

Disemba ile ilikuwa mbaya kwetu sote. Dkt. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona Machakos, alifariki akiwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa wala hana bima. Wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari waligoma. Sitajifanya kwamba siku zile tuliwaza madirisha. Daktari wetu aliendelea kuja, hakutuambia tugome wala tusigome, lakini nilimwona mara moja ameketi kwenye benchi la chai peke yake, sweta mbili, akiitazama simu iliyozimika.

Machi ya 2021 chanjo zikafika, na Oktoba 20 mwaka huohuo, Sikukuu ya Mashujaa, Rais Kenyatta akiwa jirani zetu Wang'uru, Kirinyaga, akaondoa kafyu. Wizara ilikuja kuhesabu vifo zaidi ya 5,600 nchini. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likasema dharura imekwisha. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshastaafu nafuga kuku, na Daktari wa Ndirica alikuwa amehamishiwa kwingine. Mpox ilipogunduliwa nchini, huko Taveta, mwaka 2024 nilijua kuna hospitali fulani anauliza watu wamekaa wapi.

Julai iliyopita nililazimika kurudi kwenye wodi ile kumwona shemeji yangu aliyelazwa kwa nimonia. Kabari bado zipo, zimepakwa rangi juu kwa juu, huwezi kujua ziliwekwa lini. Lakini kwenye ule mwanya wa kiganja mtu alikuwa amesokomeza vipande vya boksi la maziwa, dirisha baada ya dirisha, kazi safi kabisa. Nikakichomoa kile cha karibu na kitanda cha shemeji.

Muuguzi kijana akaja mbio, akaniita cucu, yaani bibi. "Cucu, wagonjwa wanaumia na baridi. Haya madirisha yana kasoro, hayafungi. Tumeshaomba fundi."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kuanzia mzee wa kitanda cha tatu hadi mandazi. Alisikiliza kwa adabu, mikono nyuma, akasema, "Asante, cucu, sikujua hayo." Akanisaidia kuchomoa vingine viwili, na shemeji akaletewa blanketi la pili.

Saa ya kutazama wagonjwa ilipoisha nikatoka. Nilipofika getini upepo wa Nyandarua ulinipiga usoni, nikafunga leso, nikageuka kutazama nyuma. Madirisha mawili yalikuwa wazi. La shemeji lilikuwa limesharudishiwa boksi lake, na kwa jinsi ninavyomjua, amelirudisha mwenyewe.